Maneno Yanayotoka Chini ya Jukwaa

Odilia Samayoa alikuwa anachovya champurrada yake kwenye kahawa, kwenye chumba cha kuvalia cha Ukumbi wa Olivares, jijini Guatemala, pale Chepe Lainfiesta alipochungulia mlangoni na kumwambia mazoezi yanaanza.

"Yanaanzaje?" Odilia akauliza. "Kombe si tupu?"

"Don Abundio kasema tuanze hivyo hivyo. Ya mbele tutayaona mbele."

Odilia akamalizia biskuti yake, maana ikishaloa haingoji, akajipangusa ufuta kifuani na kutoka.

Kombe lilikuwa kibanda kidogo katikati ya ukingo wa jukwaa. Nusu yake ilizama chini ya mbao, na kifuniko chake kilijikunja kama kombe la pwani ili watazamaji wasimwone aliyemo. Humo alikaa mkumbushaji, kichwa tu juu ya sakafu, na balbu moja na kitabu cha mchezo, akiwatupia waigizaji maneno yao kabla hawajayahitaji. Kundi la don Abundio Recinos lilikuwa na desturi ya kutoa mchezo mpya kila Alhamisi. Nani angekariri? Hakuna aliyekariri. Waigizaji walijifunza pa kuingilia, pa kulia na pa kuangusha kikombe. Maneno yenyewe waliyapokea kutoka kombeni, pumzi kwa pumzi, wakayatamka bila kuyapitisha kichwani. Don Abundio alipenda kusema kwamba mwigizaji hodari ni yule ambaye neno likimwingia sikioni linamtoka mdomoni kabla halijapata pa kukaa. Kwa kipimo hicho Odilia hakuwa na mfano nchi nzima. Tangu usichana wake hakuwahi kujua neno hata moja kabla ya kulisema.

Mkumbushaji alikuwa mumewe, Leocadio Barrientos. Kazi moja, nyumba moja, na ndoa yao ilikuwa na utaratibu wake: kombeni don Leocadio hasemi la nyumbani, na nyumbani hasemi la kombeni. Hata ungemwuliza kutoka jukwaani kama amefunga gesi, angekupa mstari unaofuata. Alimumunya peremende za mnanaa kwa sababu ya kikohozi, na waigizaji walizoea kupokea maneno yao yakinukia mnanaa.

Jumanne ya wiki ile alichukuliwa. Alikuwa ametoka ukumbini kuvuka barabara kununua peremende. Gari jeupe lisilo na namba likasimama, wanaume wawili wakashuka, wakamshika kwapa huku na huku kama watu wanaomsaidia mlevi, na gari likaondoka bila haraka. Bibi Chona, muuza uji wa mahindi mabichi kwenye mlango wa nyuma wa ukumbi, aliona yote. Alipoulizwa akasema hakuona kitu. Kisha akampelekea Odilia bakuli la uji asitake malipo, na hiyo ndiyo ilikuwa namna yake ya kusema kwamba ameona.

Sababu haikuwa siri. Siku ambazo Olivares ilifungwa, don Leocadio alikuwa akienda kuwasaidia wafanyakazi wa kiwanda cha betri, waliokuwa wanatayarisha mchezo wao wenyewe, unaowahusu wao wenyewe, kwenye ua wa chama chao. Mchezo ulikuwa juu ya mapafu. Mara moja tu alivunja utaratibu akauzungumza nyumbani, wakiwa mezani.

"Watu wale kusimama hawajui," alisema. "Wanampa mtazamaji mgongo, wanakanyagana. Lakini maneno yao, mama wee, wanayajua! Mimi nakaa pale sina kazi."

Mchezo wa mapafu haukuchezwa.

Basi mazoezi yakaanza. Mchezo wa wiki hiyo uliitwa Shangazi kutoka Cobán. Shangazi anatoka huko kwao ambako manyunyu hayakatiki, anakuja mjini kumkagua mchumba wa mpwa wake, na kwa kuzoea mvua hafungi mwavuli hata akiwa sebuleni. Odilia ndiye shangazi, Chepe ndiye mpwa. Odilia akaingia, akafungua mwavuli, akasimama katikati, akanyamaza. Don Abundio, kwenye kiti chake cha safu ya tatu, alijishika kidevu. Chepe akaangalia dari.

"Njia nzima nimekalia kuku wa watu," kombe likasema.

"Njia nzima nimekalia kuku wa watu," Odilia akasema.

Ilikuwa sauti ya don Leocadio, kavu, ya chini, na nyuma yake mnanaa. Chepe akapokea mstari wake, naye akausema. Walipofika mwisho wa sehemu ya kwanza don Abundio aliinuka, akaenda kuchungulia kombeni. Kulikuwa na kigoda na balbu iliyozimwa.

"Haya, kaja," akasema. "Nilijua hawezi kuniangusha siku ya Alhamisi. Sehemu ya pili, watoto wangu, na Chepe usinijie na mikono mfukoni."

Odilia aliinama ukingoni. "Leocadio," akaita taratibu. "Umekula?"

"Mpwa wangu, mbona mchumba mwenyewe mwembamba hivi?" kombe likajibu. Ndio mstari uliofuata. Odilia akausema.

Jioni ukumbi ulijaa nusu, kama Alhamisi zote. Safu ya mbele alikaa kanali mmoja mnene, mpenzi mkubwa wa vichekesho, ambaye hakuwahi kukosa onyesho la kwanza. Mambo yalikwenda vizuri hadi sehemu ya pili, pale mpwa anapouliza, "Shangazi, safari ilikuwaje?"

Odilia akategesha sikio.

"Nilifungwa macho," kombe likasema. "Nilijua tumevuka reli kwa sababu gari liliruka."

Na Odilia, ambaye neno halikai ndani yake, akalisema vile vile, kwa sauti ya puani ya shangazi wa Cobán, mwavuli ukizunguka begani. Ukumbi ukaangua kicheko.

"Na chumba, shangazi, umekipenda?"

"Hakina dirisha. Tunalala kwenye maji."

Kicheko kikubwa zaidi. Kanali akajipiga mapaja. Kisha zamu ya Chepe ikafika, na Chepe, mkono kifuani kama mpenzi anavyotakiwa kuuweka, akatamka: "Pembeni yangu yuko kijana wa kiwanda cha betri. Wamemvunja mkono."

Shangazi akaendelea: "Alfajiri nasikia treni. Halafu kengele ya shule ya masista. Halafu inakuja harufu ya mkate wa anisi."

Hapo kicheko kilipungua upande wa kushoto, walikokaa watu wa mtaa wa stesheni. Hao walikuwa wanakula mkate ule kila siku. Mahali ambapo treni, kengele ya masista na tanuri la mkate wa anisi vinakutana ni mahali pamoja tu, yaani lile ghala la zamani la forodha, lenye ukuta wa manjano. Mwanamke mmoja alijifunika mdomo kwa shela yake. Mumewe akamgusa goti, naye akashusha shela, na mchezo ukaendelea hadi harusi.

Nyuma ya pazia watu walivua wigi zao.

"Mchezo umerefuka," don Abundio alisema. "Ila wamependa."

"Don Abundio, yule ni mume wangu. Anasema alipo."

"Nimesikia, mwanangu. Sote tumesikia. Na kanali kasikia. Umemwona alivyocheka?" Don Abundio alijifuta jasho kwa leso. "Tuseme nini zaidi ya tulichokwisha kusema mbele ya ukumbi mzima? Nenda kalale."

Odilia alienda nyumbani, akakaa kitandani. Alitaka kulia, kwa kuwa hali iliitaka hivyo, na yeye alikuwa mtu aliyelia jukwaani kila wiki bila taabu. Machozi hayakuja. Alikaa, akahisi miguu yake ina baridi, akavaa soksi za Leocadio.

Asubuhi kukawa na mvua. Mwavuli wa nyumbani ulikuwa na Leocadio, hivyo Odilia alichukua ule wa shangazi, wenye maua, akaenda kwenye ghala la ukuta wa manjano. Getini palikuwa na askari watatu waliojibanza chini ya bati. Mkubwa wao, sajini mwenye meno ya dhahabu, alimtazama usoni, kisha akautazama mwavuli, na uso wake ukafunguka.

"Eeh! Si shangazi huyu! Shangazi wa Cobán! Jamani, njooni mwone!"

"Bwana sajini, namtafuta mume wangu. Leocadio Barrientos. Yumo humu."

"Humu? Humu kuna magunia ya chumvi, mama." Alilisema bila ubaya wowote. "Jana nilikuwepo, kule juu, viti vya bei rahisi. Mke wangu alicheka mpaka nikampeleka nje. Hebu, tafadhali, ile ya chumba. Hawa wenzangu hawakuiona."

Odilia aliangalia geti. Kengele ya masista ikalia. Harufu ya mkate wa anisi ikaja kutoka ng'ambo ya ukuta, na sajini akavuta hewa, akasema mkate huo ndio raha pekee ya lindo hili. Watatu wale walikuwa wanangoja, nyuso zimeshaanza kucheka.

"Hakina dirisha," Odilia akasema, kwa sauti ya shangazi. "Tunalala kwenye maji."

Hakujua kwa nini alisema. Mdomo ulizoea. Walinzi walicheka, mmoja akainama akishika magoti. Odilia alidhani amesikia kikohozi ndani, lakini walikuwa wanacheka kwa nguvu, na walipomaliza hakikusikika tena. Sajini alimsindikiza hadi kona asije akateleza.

Kutoka pale akaenda mahakamani, kwa jaji aliyekuwa na mafua.

"Nani alikuambia kwamba mumeo yuko ghalani?"

"Yeye mwenyewe, mheshimiwa."

"Alikuambia wapi?"

"Ukumbini. Sehemu ya pili, baada ya kuku."

"Na ni nani aliyeyatamka maneno hayo?"

"Mimi."

"Ukiwa umevaa wigi."

"Ndiyo, mheshimiwa."

Jaji akapenga kamasi, akaikunja leso yake vizuri. "Doña Odilia, mimi sikatai kwamba yalisemwa. Mji mzima unajua yalisemwa. Lakini mahakama haiwezi kufungua mlango wa mtu kwa neno la shangazi ambaye hayupo duniani." Akamwomba radhi, akamwita mwenye shauri linalofuata.

Alhamisi iliyofuata kundi lilitakiwa kubadilisha mchezo. Odilia alimkuta don Abundio anatoa mavazi ya vichekesho vya kijeshi, akakaa juu ya sanduku.

"Tukibadilisha, kama hatakuja?"

"Atakuja. Mtu wa kazi yule."

"Na kama kwenye huo mwingine hakuna pa kuulizwa kuhusu chumba?"

Don Abundio alikuwa na ubahili na woga, lakini hakuwa na roho mbaya. Alirudisha mavazi sandukuni. Shangazi kutoka Cobán ukaendelea wiki ya pili, ukaendelea mwezi wa pili, na mvua zilipokatika ulikuwa bado uko jukwaani, jambo ambalo halikuwahi kutokea kwa mchezo wowote nchini mle.

Maana sasa ukumbi ulikuwa unajaa hadi ngazini. Waliokuja kucheka walikaa upande wa kulia, na waliokuja kusikiliza walikaa kushoto, wamevaa nguo za kanisani. Don Leocadio alikuwa anataja majina ya waliofungwa naye. Aliyagawa kwa haki, kila mwigizaji lake: mchumba akasema jina la mwalimu mmoja wa Chimaltenango, mtumishi wa jikoni akaingia na sinia, akasema ya ndugu wawili wauza magazeti. Jina likitajwa, upande wa kushoto mtu mmoja aliinamisha kichwa. Upande wa kulia ukacheka, kwa kuwa sinia lilikuwa limeanguka.

Doña Tránsito Monzón, mama wa yule kijana wa kiwanda cha betri, hakukosa hata siku moja. Alikaa na mkoba magotini. Mstari ukitoka, "Mkono wa kijana umeanza kuunga," anapiga makofi mafupi, peke yake. Baada ya pazia alikuja chumba cha kuvalia.

"Mwambie mumeo amwambie mwanangu asilalie upande wa kushoto."

"Hanisikii, doña Tránsito. Nimemwambia mengi. Yeye anatoa maneno tu, hapokei."

"Mwambie hivyo hivyo."

Odilia akaenda ukingoni akaliambia kombe, na kombe likampa mstari wa kuku. Doña Tránsito alisikia, akashukuru.

Karibu na Noeli, shangazi alipoulizwa kuhusu chumba, alijibu, "Yule kijana wa pembeni yangu wamemtoa. Hawajamrudisha." Halafu upepo wa mashine ukaupindua mwavuli, kama mchezo ulivyotaka, na upande wa kulia wakacheka. Doña Tránsito alikaa kitini hadi mfagiaji akafika kwenye safu yake. Kesho yake alikuja tena, akakaa pale pale, na mkoba wake magotini. Alisema nyumbani hakuna la kufanya.

Magazeti yakaandika. Yaliandika kwamba hatimaye sanaa ya jukwaa nchini imetoka utotoni. Kwamba enzi za vichekesho vya wiki moja zimekwisha, na kwamba kundi la Recinos limegundua namna mpya, ambamo mambo ya kawaida na mambo mazito yanakaa sebule moja. Hakuna gazeti lililoandika neno ghala. Don Abundio alikata kurasa hizo akazibandika mlangoni kwa gundi ya ndevu za bandia. Kutoka wizarani akaja Licenciado, kama waitwavyo wenye shahada, Estuardo Pivaral, kijana mpole aliyesomea uelekezaji nchi za mbali, kuleta habari njema mbili: serikali italikarabati jukwaa la Olivares liwe la kisasa, na kundi litaiwakilisha nchi kwenye tamasha la San José.

"Ila hili," alisema, akaligusa kombe kwa ncha ya kiatu, kwa adabu, "litazibwa. Duniani kote hakuna tena mashimo jukwaani. Mwigizaji wa kisasa anakariri."

"Mume wangu yumo," Odilia akasema.

"Najua, doña Odilia. Tunamheshimu sana. Mimi binafsi nimemsikiliza mara kadhaa na ana matamshi mazuri." Alikuwa anasema kweli, na macho yake yalikuwa na huzuni. "Lakini hatuwezi kubaki nyuma kwa ajili ya mtu mmoja."

"Don Abundio," Odilia akasema, "mwambie."

Don Abundio alikuwa anaangalia ramani ya jukwaa jipya. Taa peke yake zilikuwa za kumtoa mtu machozi. "Mwanangu," akasema, "kalio ndilo hujua tabu ya kiti, na mimi nimekalia cha miti maisha yangu yote. Acha nife nimeona ukumbi wa maana. Leocadio mwenyewe angependa."

Saruji ilitolewa bure na yule kanali. Ililetwa na lori la jeshi asubuhi yenye jua, askari wakasaidia kushusha mifuko. Mafundi walipokuwa wanamimina, kombe lilikuwa linatoa sehemu ya kwanza, tangu kuku. Fundi mkuu alingoja, mwiko mkononi, hadi mwisho wa sentensi, kwa heshima, kisha akamimina. Siku za kukauka zilipopita, juu yake zikapigwa mbao nyeusi zinazong'aa. Ukipita pale ulihisi joto kidogo kwenye nyayo.

Kukariri kulimtesa Odilia. Asubuhi Chepe alikuja nyumbani kwake, akakaa jikoni na kitabu, akamsomesha kama mtoto wa komunyo ya kwanza.

"Tena. Mpwa wangu, mbona..."

"Mbona mchumba... Chepe, linaingia halafu linakaa. Silipendi. Ni kama kumeza kokwa la parachichi."

"Sisi sote limetukaa, Odilia. Utazoea. Mimi sasa naota maneno yangu."

Akazoea. Usiku wa ufunguzi rais wa tamasha alikuwepo, mabalozi walikuwepo, taa mpya zilikuwepo, na Odilia Samayoa, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, alisema mchezo mzima bila kukosea. Alijibu kuhusu safari kama ilivyoandikwa. Alijibu kuhusu chumba kama ilivyoandikwa: kizuri, ila godoro gumu. Wote walijua maneno yao. Chini ya mbao hakukutoka hata neno moja, mwanzo hadi mwisho. Mnanaa tu, kidogo, kwenye sehemu ya pili. Upande wa kushoto watu walingoja hadi taa zikawashwa, wakachukua makoti yao.

Alipofika nyumbani alitia kahawa vikombe viwili, kwa mazoea, akakaa mbele ya kile kisicho na mtu. Akakumbuka Leocadio mezani pale, akizungumzia wafanyakazi wa betri. Mimi nakaa pale sina kazi. Basi ndivyo alivyokaa usiku huu, gizani, chini ya viatu vyao, mtu aliyetoa maneno maisha yake yote, na hakuna aliyemhitaji. Ni yeye Odilia aliyemnyamazisha. Askari hawakuweza, saruji haikuweza, yeye kaweza kwa kukariri. Hilo lilimuuma. Lilikuwa jambo la kwanza kumuuma tangu Jumanne ile, na aliyashangaa maumivu yenyewe, akaweka mkono kifuani kuyangoja yakue. Hayakukua. Yalipita, na kahawa ikapoa.

Hapo akaamua kusahau.

Kusahau kwa makusudi ni kazi ngumu kuliko kukariri, aulizwe yeyote aliyewahi kujaribu. Alijaribu kuyaimba maneno yake kinyumenyume, alijaribu kulala bila mto, alijaribu bia. Yote yalibaki. Mwishowe aliacha kupigana na mchezo mzima, akachagua mstari mmoja, ulio karibu na mwisho, pale mpwa anapouliza, "Shangazi, utaondoka lini?" Kila siku, wakati anachambua maharage, alijiuliza swali hilo kwa sauti na kukataa kulijibu. Maharage yakachambuliwa, wiki zikaenda. Siku moja alijiuliza, na ndani hakukuwa na kitu. Pamekuwa peupe.

Jioni ile, Chepe akamuuliza, "Shangazi, utaondoka lini?"

Odilia alikuwa amesimama juu ya zile mbao zenye joto. Hakusema. Chepe alitaka kumwokoa, akafungua mdomo, akaona macho yake, akaufunga. Ukumbi ulinyamaza. Mtu alikohoa, akaona aibu. Kimya kiliendelea hadi licenciado, upande wa pazia, akaanza kuuma kucha.

Kisha ikaja kutoka chini, imefifia, imepita kwenye saruji na mbao na rangi.

"Bado tuko hapa."

"Bado tuko hapa," Odilia akasema.

Alilisema kwa sauti ya puani ya shangazi, kwa kuwa sauti nyingine jukwaani hakuwa nayo. Makofi yalianza kabla pazia halijashuka. Kanali, ambaye sasa alikuwa mjumbe wa bodi ya utamaduni, ndiye aliyesimama wa kwanza.

Huko San José Odilia alisahau mstari ule ule, akangoja juu ya mbao za watu, na hakuna kilichotoka chini. Alisimama hadi wenyeji wakashusha pazia kwa huruma. Wakampa nishani. Mhakiki mmoja aliandika kwamba Amerika yote ya Kati haijapata kusikia kimya kama kile, na tangu hapo kikaitwa Kimya cha Samayoa. Leo kinafundishwa katika chuo cha uigizaji. Wanafunzi wanasimama kwa mstari, wanahesabu pumzi, halafu wanasema wote kwa pamoja kwamba bado wako hapa, na mwalimu anawaambia waseme kwa tumbo, si kwa koo.

Olivares bado inafunguliwa karibu kila jioni. Wageni wa kundi huambiwa siku ya kwanza: choo kule, maji ya kunywa hapa, na zile mbao za katikati ni don Leocadio, usiziruke kwa visigino. Doña Tránsito bado ana kiti chake. Odilia amezeeka, ila hakuna wasiwasi wa kusahau sasa, kunakuja kwenyewe. Kila onyesho husimama pale, na mpwa humuuliza, naye hungoja, na ukumbi humngojea, kwa subira ya watu wanaojua watapewa kitu walicholipia.

Wakimaliza, Odilia hufunga mwavuli, hutokea mlango wa nyuma. Bibi Chona humjazia bakuli.

"Leo kasemaje?"

"Kama jana."

"Haya. Kunywa basi, uji utapoa."

Odilia hunywa amesimama. Ng'ambo ya stesheni, jirani na ule ukuta wa manjano wa ghala ambao mwaka huu wameupaka upya, hukandwa unga wa mkate wa kesho.